Mfarishi, nondo na friza ya nyama ya kulungu

Ukimwambia Mkenya "makumbusho ya kaunti" anafikiria gavana, bajeti na tenda. Huku Nebraska, Marekani, kaunti ziko 93, na zipo zisizofikisha hata watu 1,000. Makumbusho ninayojitolea kila Jumamosi, nikitoka zamu ya usiku, yanaendeshwa na wazee watano na bati la michango.

Pambo letu kubwa ni nyumba ya udongo. Walowezi waliopewa ekari 160 chini ya sheria ya mwaka 1862 walikuta nyika tupu, miti haba. Basi wakaipasua ardhi kwa plau, wakakata mabamba yaliyoshikwa na mizizi ya nyasi na kuyapanga kama matofali. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa asili wa huku, jambo ambalo kibao chetu kinalitaja kwa mstari mmoja tu. Nimeshalalamika, na sijanyamaza.

Kitandani mle ndani kuna mfarishi ulioshonwa kwa vipande vya makoti ya sufu yaliyochakaa. Siku moja nikipangusa vumbi niliona matundu, na kwenye mshono kiwavi mweupe akijikokota. Anayekula sufu ni yeye. Nondo akishaota mabawa hali chochote, anatafuta tu pa kutaga.

"Uweke bandani," akaniambia bibi mwenye funguo. "Januari hii itawaua wote." Nikamsikiliza, mkubwa ni mkubwa. Kumbe baridi ya nje hushuka polepole na kupanda tena mchana, wadudu wakapata muda wa kuizoea. Aprili viwavi wakaamka na njaa yao. Nafthalini ya nyanyangu, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, niliikataa, maana mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya wageni wala yetu.

Dawa ilikuwa baridi ya ghafla. Mzee mmoja alitoa nyama yake ya kulungu kwenye friza, akaiacha tupu. Niliuviringisha mfarishi juu ya shuka safi bila kuukunja, nikauingiza kwenye nailoni nzito, nikakamua hewa na kuziba kwa utepe wa gundi. Friza niliishusha mpaka kipimajoto kikasoma chini ya nyuzi 20 za sentigredi chini ya sifuri, nikaiacha wiki nzima. Hapa ndipo wengi huharibu: ukiutoa, usifungue. Niliuacha siku nzima ndani ya nailoni ili umande utue juu ya plastiki, usiloweshe sufu. Kisha nikaurudisha wiki ya pili, kwa ajili ya mayai yaliyonusurika. Mwisho nikaupitishia mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wake nimeufunga chandarua.

Bibi alipouona umerudi kitandani alicheka. Akanisimulia nzige wa mwaka 1874: wanawake walifunika bustani kwa mablanketi na mifarishi, nzige wakaitafuna hiyo mifarishi pia. Nami nikamsimulia nzige wetu wa 2020. Tofauti ni kwamba wa kwao walitoweka kabisa. Mara ya mwisho kuonekana hai ni 1902.

Sasa nimeweka mitego ya gundi chini ya kitanda, naikagua kila Jumamosi. Juzi nilikuta buibui mmoja, amekasirika.