Pasi ya mama na blenda yangu

Jana nilipita kwa fundi wangu Kariakoo na vitu viwili: pasi ya mama, ambayo nimeikuta nyumbani tangu nipate akili, na blenda yangu ya miezi minane.

Pasi ina skrubu moja tu nyuma. Akaifungua, waya ulikuwa umekatika pale unapopinda kwenye mpini. Akakata kipande, akachuna, akafunga upya. Dakika kumi, elfu tatu.

Blenda sasa! Akaigeuza, hakuna skrubu. Akabandua miguu ya mpira, zikaonekana: za kichwa cha nyota chenye kijiti katikati, bisibisi ya kawaida haingii. Alipofanikiwa, klipu mbili za plastiki zikakatika. Kumbe kilichoungua ni fyuzi ya joto, kidude kidogo cha kukata umeme mota ikipata moto kupita kiasi, kilichofungwa ndani kabisa ya koili ya mota na kumwagiwa vanishi. "Dada, fyuzi yenyewe haifiki elfu moja. Lakini nikiichimbua, mota imekwenda."

Yaani mtu alikaa mezani akachora hivyo, makusudi!

Ufaransa Januari 2021 walianza kulazimisha simu, laptopu na mashine za kufulia kadhaa kuandikwa alama kuanzia 0 hadi 10, kwamba zinatengenezeka kiasi gani. Ningeiona alama kama hiyo, ya chini, kwenye boksi la blenda ningeirudisha rafuni.

Blenda nimemwachia fundi, achukue swichi na waya. Mama anauliza kama nataka kinu.