Kikombe cha buluu

"Mama, hiki nacho tunakibeba?"

Tulikuwa tumekaa sakafuni jikoni, magazeti ya zamani yametandazwa, maboksi yameachama. Habari za kuhama nimeshawachosha nazo, sirudii. Kitindamimba alikuwa ameshika kikombe cha bati cha buluu, kile ambacho ukingo wake umebanduka rangi ukaacha doa jeusi lenye umbo la sikio. Nikamwambia kibebe. Hakukifunga. Alikigeuzageuza, akakichungulia ndani kana kwamba kuna kitu kilisahaulika mle, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi:

"Hivi siku ile ulininyima maji kwa nini?"

Miaka 8 nimeishi nikijua kwamba hakumbuki. Alikuwa na miaka 4 tu. Nani anakumbuka usiku mmoja wa umri wa miaka 4?

Ya mwanzo ya ugonjwa wangu mnayajua: kikohozi kisichokwisha, jasho la usiku linalolowesha shuka hadi godoro, nguo zinazonipwaya, kisha makohozi kwenye kikopo chenye kifuniko, na jibu. Kifua kikuu. Dawa miezi 6. Aina nne kwa miezi 2 ya kwanza, aina mbili kwa miezi 4 iliyobaki. Mojawapo, rifampisini, ilinigeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa, nalo hilo niliambiwa mapema. Nilichosahau ni kwamba hata machozi hubadilika. Nililia mara moja tu katika miezi yote ile, na leso niliyofutia ikabaki na alama mbili za chungwa. Niliifua, sikuitumia tena.

Kikombe nilijitengea mwenyewe. Hili nataka lieleweke, kwa sababu nimewahi kulieleza vibaya, nikaacha watu wadhani nilitengwa. Hakuna aliyenitenga. Baba yao alikuwa ananiletea dawa na maji kitandani kila asubuhi saa 12, anakaa ukingoni mpaka nimeze cha mwisho. Watoto walipimwa, huyu mdogo akapewa dawa za kinga akazimaliza. Muuguzi alituambia wazi kwamba ugonjwa huu hupita hewani, mgonjwa anapokohoa, anapoongea, hata anapoimba; vyombo havihusiki. Nilitikisa kichwa kwa kuelewa. Nikarudi nyumbani nikachagua kikombe cha buluu, nikakiweka dirishani kwangu, na kuanzia siku ile hakikurudi kabatini.

Makohozi ya mwezi wa pili yalikuwa safi. Ya mwezi wa tano, safi. Ya mwezi wa sita, safi. Muuguzi akaandika kwenye kadi neno moja, AMEPONA, akagonga muhuri na kupuliza wino ukauke. "Hongera, mama." Nyumbani tulipiga picha. Mimi katikati, kadi nimeishika kifuani kama mhitimu, watoto wanacheka. Picha ile ni nzuri, ila ukiitazama vizuri utaona mkono wangu wa kushoto umenyooka, unamsukuma huyu mdogo asinisogelee.

Asubuhi yake niliamka saa 12, mkono ukaenda dirishani. Pakiti haikuwapo. Kikombe kilikuwapo.

Sijui niliwezaje kutolitarajia jambo lile. Kwa miezi 6, kila siku, nilikuwa nimefanya kitu dhidi ya vimelea. Kidonge kilikuwa kichungu, kilinichafua tumbo, kilinichomachoma nyayo, lakini nikishakimeza nilijua leo nimetimiza wajibu. Sasa wakaniambia basi. Kama mlinzi wa usiku aliyeambiwa aende akalale kwa sababu wezi hawapo tena. Anajuaje kuwa hawapo?

Nikajipangia lindo langu mwenyewe. Nilijipima uzito asubuhi, mchana na kabla ya kulala. Nilihesabu vikohozi, vyangu kwanza, halafu vya wengine. Nilisimama mlangoni kwa watoto usiku nikisikiliza pumzi, mmoja baada ya mwingine, nikirudia tangu mwanzo nikipoteza hesabu. Madirisha yote wazi, hata mvua ikinyesha. Mtu akiniuliza hali, nilisema nimepona. Na sikuwa nasema uongo, kadi ninayo.

Usiku wenyewe ulikuwa wiki ya tatu baada ya muhuri.

Nilikuwa nimepata usingizi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la bahati. Nikasikia nyayo. Mnajua nyayo za mtoto asiye na viatu kwenye sakafu, zile zinazobandika na kubanduka. Zikaja hadi kando ya kitanda zikasimama. "Mama, kiu." Niliisikia vizuri kabisa, nikawa naijibu ndotoni, ndotoni humo nikawa nainuka kumletea maji. Yeye hakungoja ndoto yangu iishe. Dirishani palikuwa na maji.

Kilichoniamsha ni mlio. Meno ya mtoto yakigonga bati. Ti.

Mkono wangu ulifika kabla yangu. Sikukipokonya, nilikipiga, kikaruka, maji yakammwagikia kifuani, kikombe kikagonga kona ya kabati, kikaanguka, kikabingirika chini kwa kelele ambayo kwangu haikuwa na mwisho. Lile doa la ukingoni lilipatikana hapo. Nilikuwa nimeshashuka kitandani, nimepiga magoti, nimemshika taya. "Umemeza? Umemeza?" Nikamsugua midomo kwa ncha ya shuka. Nikamwingiza kidole mdomoni. "Tema! Tema hapa!" nikamwekea kiganja.

Hakuwa na cha kutema. Funda lilishashuka zamani. Lakini huyu ndiye mtoto wangu mtiifu kuliko wote, basi akahangaika, akakusanya mate, akatoa tone dogo lenye povu, akaliweka kiganjani mwangu kwa uangalifu, kama mtu anayekabidhi chenji. Nikalipeleka kwenye mwanga wa mlangoni nikalitazama. Nilikuwa natafuta nini? Vimelea huonekana kwa hadubini. Nami nilikuwa sinavyo. Hata ningekuwa navyo visingepita njia ile. Yote hayo niliyajua nikiwa nimepiga magoti palepale, na ujuzi wangu ulikaa pembeni ukinitazama, haukunisaidia kitu.

Hakulia. Gauni la kulalia lilikuwa limemgandia tumboni, nywele zimesimama upande mmoja. Alinitazama usoni, halafu kiganjani, halafu usoni tena.

"Nimekosea?" akaniuliza.

Baba yao akawasha taa. Hakusema neno. Alimbeba, akaondoka naye, nikasikia bomba likifunguliwa jikoni na mtoto akinywa, akinywa, akivuta pumzi, akinywa tena. Mimi nikabaki nafuta maji sakafuni. Maji yalipokwisha niliendelea kufuta.

Asubuhi nilimpeleka kliniki akapimwe. Ilikuwa mara ya tatu tangu nipone. Muuguzi, yule yule wa muhuri, alimpima uzito, akamsikiliza kifua, akampa kalamu na karatasi achore, kisha akageuza kiti kunielekea mimi. "Mama, wewe unalala saa ngapi?" Nikamwambia mgonjwa siyo mimi, sista. Akasema sawa, lakini unalala saa ngapi? Nikaanza kupiga hesabu. Nilipofika kwenye kusimama mlangoni, sauti ikakatika.

Akatoa dodoso. Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, usingizi, kula, kujiona umeshindwa, mpaka lile la mwisho, la kutamani kufa, ambalo kila mtu hulijibu haraka. Kila swali sifuri hadi tatu. Nilipata 14 kati ya 27. Shuleni ningeshukuru, ni zaidi ya nusu. Yeye aliandika "sonona", ule ugonjwa wa huzuni nzito, na pembeni yake "wasiwasi", akasema anawaona wengi tu wanaorudi baada ya kadi kufungwa, ila wengi huja wakisema wanaumwa kifua.

Baadaye sana, nikisomasoma, nilikutana na kisa kimoja kilichonichekesha peke yangu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya walichangamka ghafla, wengine wakacheza densi kwenye korido, na madaktari wakashangaa maana mapafu yalikuwa bado mabovu. Dawa ile, iproniazidi, ikaja kuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa za sonona, kabla ya kuachwa kwa sababu ya kuumiza maini. Ni binamu wa isoniazidi niliyomeza mimi kwa miezi 6. Kwangu huyo binamu hakuleta densi. Aliniletea ganzi ya miguu, nikaongezewa vitamini B6.

Ya mshauri nasaha nayapitisha haraka, si kwa sababu hayakuwa na maana. Yalikuwa ya kuchosha, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Nilikwenda kila wiki. Alinipa kazi ndogondogo za kuudhi: leo jipime uzito mara mbili tu, leo pita mlangoni kwa watoto usisimame, leo kunywa kwenye kikombe cha mtu mwingine na ukae na hofu mpaka ishuke yenyewe. Hushuka, kumbe. Si yote, na si siku hiyo hiyo. Ilinichukua karibu mwaka kukirudisha kikombe cha buluu kabatini, na nilipokirudisha nilijiona shujaa.

Jambo moja sikuliona. Hakuna aliyekigusa. Kiliwekwa mbele, kikasogezwa nyuma. Mgeni akitengewa maji, mkono unakiruka. Mimi nilikuwa nimejifunza kukisahau wakati wao walishajifunza kukiepuka, na sikumbuki hata mmoja wetu akilitaja.

"Nilikuwa naumwa," nikamjibu Kitindamimba pale sakafuni.

"Lakini ulikuwa umeshapona. Kuna ile picha."

"Ndiyo. Nilikuwa nimepona."

Akangoja. Nikaanza kumweleza kwamba mtu anaweza kupona mwili, akili ikachelewa kupata taarifa. Sentensi hiyo nilishaitumia kwa watu wazima, nao hutikisa kichwa. Yeye hakutikisa.

"Shuleni tumefundishwa haiambukizi kwa kikombe."

"Kweli, haiambukizi."

"Wakati ule ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi kwetu sote. Mama asiyejua anasameheka.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Alifikiri. Kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingoni, kikifika kwenye doa kinasita, kinaendelea. "Mimi nilidhani maji yalikuwa yako peke yako," akasema. "Ya dawa. Nilidhani nimekumalizia dawa, utaumwa tena."

Nilitaka kumkumbatia, lakini katikati yetu palikuwa na sahani nyingi zilizopangwa, na yeye alishachukua gazeti. Akakifunga kikombe, tabaka moja, mbili, tatu, akakitia kwenye boksi na vingine, akauliza gundi iko wapi.

Hapa tulipohamia ni wiki ya pili sasa. Maboksi matatu hayajafunguliwa, na kikombe kimo katika mojawapo. Hakuna aliyeandika juu yake kuna nini. Juzi usiku nilimsikia anakohoa chumbani kwake. Mara mbili. Ni vumbi la kupanga vitu, hata mimi nilikuwa na mafua ya vumbi hilo hilo. Sikuinuka kwenda mlangoni. Nililala chali, macho wazi, nikisubiri cha tatu.