Sabufa Inayoamka na Kulala Pamoja na Wenzake

Kwa muda mrefu sabufa yangu, yaani spika ya sauti nzito, ilikuwa kifaa pekee sebuleni kilichohitaji kuwashwa kwa mkono. Televisheni ikiwashwa, risiva, yaani kifaa kinachopokea sauti na kuzigawa kwa spika, iliamka yenyewe, kwa kuwa vifaa hivyo viwili huelewana kwa utaratibu uitwao CEC, ambao hupitisha amri ndani ya kebo ileile ya HDMI inayobeba picha. Sabufa haimo katika mazungumzo hayo. Inachopokea kutoka kwenye risiva ni waya mmoja wa RCA wenye sauti nzito tu, na waya huo haubebi amri ya kuwaka wala ya kuzimika. Kwa hiyo kila usiku wa filamu niliinama nyuma ya kochi kutafuta swichi kwa vidole, kisha nikainama tena baada ya filamu. Na nilipopitiwa na usingizi, sabufa ilibaki imewaka hadi asubuhi.

Jambo hili si dogo kwangu. Sabufa yenye amplifaya ndani yake hutumia umeme hata isipotoa sauti yoyote. Tukichukua wati 15 kwa mfano, kwa saa 20 za kila siku ambazo hakuna anayesikiliza, kwa mwaka tunapata takriban kilowati-saa 110 zilizopotea kwa kupasha joto sanduku la mbao. Na joto hilo halipiti bila madhara, kwani kapasita za elektroliti zilizo ndani ya amplifaya huzeeka mapema zinapokaa katika joto mwaka baada ya mwaka.

Njia ya kwanza niliyojaribu ni ile ambayo sabufa nyingi huja nayo kutoka kiwandani: swichi ya nyuma yenye sehemu ya kujiwasha. Sabufa ikiwa katika hali hiyo, saketi ndogo husikiliza tundu la kuingizia sauti. Ikipata volti ndogo sana, za kiwango cha milivolti chache, inaamsha amplifaya. Isipopata kitu kwa muda fulani, mara nyingi kati ya dakika 15 na 20, inairudisha katika hali ya kusubiri. Sheria nazo zimechangia kuieneza njia hii. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1275 ya mwaka 2008, ulitaka kwamba kuanzia Januari 2013 vifaa vingi vya nyumbani visitumie zaidi ya wati 0.5 vinaposubiri, na viwe na uwezo wa kujipeleka vyenyewe katika hali hiyo.

Tatizo ni kwamba mimi hutazama filamu usiku, kwa sauti ya chini, wengine wakiwa wamelala. Filamu yenye mazungumzo marefu haina besi ya kutosha kuifanya sabufa iamini kwamba kuna mtu anayesikiliza, basi inalala. Halafu radi inapiga. Saketi inashtuka, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inalia kidogo, na wakati amplifaya inafungua sauti yake, radi imekwisha kupita. Radi iliyokosa besi yake ni hasara ya kweli kwa mtu aliyetumia majuma kadhaa akitafuta mahali pafaapo pa kuweka sabufa.

Dawa yake ipo, nayo haigharimu chochote. Katika sabufa yangu, saketi ya kusikiliza iko kabla ya kitufe cha kuongeza na kupunguza sauti kilichoko nyuma, kwa hiyo kitufe hicho hakina athari juu ya kuamka kwake. Kinachoathiri ni kiwango kinachotoka kwenye risiva. Nilipofungua menyu nikakuta kwamba kipimo cha otomatiki, kile ambacho risiva hutumia kusawazisha spika, kilikuwa kimeishusha chaneli ya sabufa hadi desibeli 9 chini ya sifuri, kwa sababu kitufe cha nyuma kilikuwa juu mno. Nilikishusha kitufe, nikarudia kipimo, na risiva ikapandisha chaneli karibu na sifuri. Kila desibeli 6 zinazoongezwa huzidisha volti mara mbili, na volti hizo ndizo saketi inazozingoja. Sauti masikioni haikubadilika hata kidogo, lakini sabufa ilianza kuamka kwa minong'ono. Tahadhari iliyopo ni kutopandisha chaneli hadi mwisho kabisa, maana tundu la kutolea sauti la risiva lina ukomo wake, na likizidiwa besi huchafuka katika zile sehemu zenye kishindo ambazo sabufa ilinunuliwa kwa ajili yake. Wengine hutumia kebo yenye ncha mbili ili kulisha tundu la kushoto na la kulia kwa pamoja, na katika sabufa zinazojumlisha matundu hayo mawili, saketi hupata nguvu zaidi.

Upo pia ugonjwa wa kinyume, yaani sabufa isiyolala kamwe. Mara nyingi chanzo chake ni mvumo wa umeme wa hezi 50 au 60 unaoingia kupitia waya wa sauti, ambao saketi huuchukulia kuwa ni muziki. Hapo shughulikia mvumo kwanza: unganisha vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na usogeze waya wa sauti mbali na nyaya za umeme. Nasema kwa mkazo kwamba pini ya ethi (ya waya wa ardhini) ya plagi isikatwe wala isizibwe ili kuondoa mvumo. Pini hiyo ipo kwa ajili ya uhai wa mtu.

Baada ya hapo nilijaribu ekstensheni yenye soketi kuu, ile inayopima mkondo wa kifaa kimoja na kuwasha soketi nyingine kifaa hicho kinapoanza kula umeme. Nilichomeka risiva katika soketi kuu na sabufa katika soketi tegemezi. Risiva za siku hizi hazizimiki kikamilifu. Zikiachwa zipitishe picha ya HDMI au zisikilize mtandao wakati zimelala, hula umeme wa kutosha kuidanganya ekstensheni. Nilizungusha skrubu ya kurekebisha kwa jioni mbili mpaka nikapata mahali pa katikati, na kwa hakika mpangilio ukafanya kazi. Hata hivyo sikuupenda, kwa sababu sabufa ilikatiwa umeme wote kila mara, ikitoa kishindo kifupi kwenye koni yake. Kanuni ya zamani ya watu wa sauti ni kwamba amplifaya huwashwa mwisho na huzimwa kwanza, ili misukosuko ya vifaa vingine isipite ndani yake. Ekstensheni hii hukata wakati risiva ndiyo kwanza inajifunga. Aidha, transfoma kubwa na kapasita tupu huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo zinapounganishwa, na mkondo huo huchosha mguso wa rilei. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kutumia soketi ndogo iliyokuwa nyuma ya risiva za zamani, kwani nyingi ziliruhusiwa kubeba wati 100 hivi tu.

Nilichokitafuta muda wote kilikuwa kwenye risiva yenyewe: tundu dogo la milimita 3.5, la triga ya volti 12, yaani ishara ya kuamsha kifaa kingine. Risiva ikiwaka, tundu hilo hutoa volti 12 za mkondo mnyoofu. Ikizimika, volti hizo huondoka. Sabufa yenye tundu kama hilo huzisikia, ikaamsha amplifaya yake kwa utaratibu wake wa ndani, bila kukatiwa umeme wa ukutani na bila kusubiri mlio wowote. Ncha ya jeki ni chanya na shina lake ni hasi. Waya unaotumika ni wa mono wa kawaida, na kwa kuwa haubebi sauti, unaweza kuwa mwembamba na mrefu. Tundu la risiva kwa kawaida huruhusu miliampia 100 hadi 150, na tundu la sabufa huhitaji sehemu ndogo sana ya kiwango hicho, kwa hiyo sabufa mbili zinaweza kugawana triga moja bila shaka yoyote.

Mambo mawili yalinichelewesha. La kwanza, swichi ya nyuma ya sabufa lazima ihamishwe kutoka kujiwasha hadi triga, la sivyo itaendelea kusikiliza waya wa sauti kana kwamba hakuna kilichounganishwa. La pili, risiva nyingi huuliza katika menyu triga ifuate nini: chumba kikuu, chumba cha pili, au vyanzo fulani tu. Nimeifunga yangu kwa chumba kikuu, nikaondoa chanzo cha redio, maana sauti ya msomaji wa habari haihitaji besi.

Ikiwa sabufa haina tundu la triga, kuna ekstensheni zinazopokea volti 12 na kufunga rilei ya umeme mkubwa. Hakikisha tu kwamba ampea zilizoandikwa juu yake zinazidi zile ambazo sabufa huvuta, na usijitengenezee kifaa cha aina hiyo ndani ya kopo lililo wazi. Ikiwa ni risiva ndiyo isiyo na triga, adapta ndogo ya volti 12 ikichomekwa kwenye soketi tegemezi ya ile ekstensheni ya kupima mkondo inaweza kulisha tundu la sabufa, na hapo kinachokatwa ni adapta, si sabufa. Zipo sabufa zinazokubali hata volti 5 za tundu la USB la televisheni, lakini kitabu chake kisomwe kwanza, na televisheni ichunguzwe kama tundu hilo huzimika kweli. Plagi za Wi-Fi sikuzipa nafasi, kwani sioni sababu ya amri inayosafiri umbali wa hatua mbili tu kupitia kwenye mtandao.

Juma lililopita umeme ulikatika usiku tukiwa katikati ya filamu, ukarudi sote tukiwa tumelala. Asubuhi nilikuta risiva imelala, na taa ya sabufa nyuma ya kochi ilikuwa nyekundu, rangi yake ya kusubiri.