Suruali ya kuazima

Jana nimepanga kabati hadi saa sita usiku. Mashati ambayo sijayagusa tangu mwaka juzi yalijaa kitanda kizima. Nikapumzika, nikafungua sura ya 55 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya wamonaki (watawa wa kiume wa monasteri) ulioandikwa Italia karne ya 6. Mmonaki alitosheka na kanzu mbili, apate ya kubadilisha usiku na wakati wa kufua. Kisu, sindano, leso na mkanda alipewa na abati, mkuu wa monasteri. Akipewa nguo mpya, kuukuu anairudisha papo hapo, iwekwe stoo kwa ajili ya maskini. Kilichonichekesha ni suruali: anayetumwa safari anaazima stoo, akirudi anaifua na kuikabidhi! Na vitanda vilipekuliwa mara kwa mara. Changu cha jana, mh!