Birika la Nyuzi Sita

Hapa Sakina, Arusha, gitaa langu la chuma linaitwa birika. Jina hilo lilitoka kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu, jioni niliyolitoa kwenye begi kwa mara ya kwanza. Alilikagua mbele na nyuma, akajiona uso kwenye mgongo wake unaong'aa, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo tutaimbia au tutachemshia chai?" Watu wakacheka, jina likaganda. Sikulipinga. Mwili mzima ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli, na pale ambapo gitaa la mbao lina tundu, hili lina kifuniko cha chuma kilichotobolewa vitundu.

Si National halisi, za kampuni ya Marekani iliyoanzisha magitaa ya namna hii; bei ya zile naisikia tu. Hili ni la kuiga, la viwanda vya Asia. Niliuziwa na mwalimu mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Alitaja bei yake, nikataja yangu, tukakutana katikati. Mke wangu mpaka leo anajua nusu ya hesabu.

Kazi yote inafanyika chini ya kile kifuniko. Humo kuna koni ya alumini, nyembamba kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole inabonyea, na juu ya kilele chake kuna kipande cha mbao cha mviringo ambacho wenyewe wanakiita biskuti. Nyuzi zinapita juu ya biskuti, mtetemo unashuka kwenye koni, koni inausukuma hewani. Hakuna gundi. Koni imekaa tu kwenye ukingo wake na kinachoishikilia ni mgandamizo wa nyuzi, ndiyo maana nikibadilisha nyuzi naenda na mmoja mmoja, sizilegezi zote kwa pamoja.

Chanzo chake ni shida ambayo kila mpiga gitaa wa kwaya anaijua. Los Angeles ya miaka ya 1920, kabla ya gitaa la umeme, ukikaa kwenye bendi yenye tarumbeta na ngoma unaonekana tu, husikiki. George Beauchamp, mpiga gitaa la mtindo wa Hawaii, akamwendea fundi John Dopyera, mhamiaji mwenye asili ya Slovakia, amuundie lenye sauti kubwa. Dopyera akaja na mwili wa chuma wenye koni tatu, na mwaka 1927 National wakaanza kuyauza. Ya koni moja, ukoo wa hili langu, yakafuata muda mfupi baadaye. Kinachonichekesha ni kwamba Beauchamp huyohuyo ndiye aliyekuja kubuni gitaa la umeme la Rickenbacker, lililoingia sokoni 1932. Yaani aliagiza dawa, kisha akaenda kutafuta nyingine yenye nguvu zaidi kabla ya kumaliza chupa. Gitaa la chuma likabaki mikononi mwa watu kama Son House na Bukka White, wapiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, wa Mississippi.

Basi watu hudhani nalipendea kelele. Sikatai, masika yakipiga bati na nyumba haina dari, gitaa la mbao huwa pambo, hili bado linasikika. Lakini koni nyepesi vile inaitikia hata mguso mdogo. Usiku watoto wakilala napiga kwa nyama ya kidole gumba tu, bila kucha, na kila noti inatoka nzima. Halafu sauti inachomoza ghafla na kufa haraka. Ukilicharaza nyuzi zote kwa mpigo, unapata fujo. Ukilipiga kwa gumba na kidole cha shahada, ule mtindo wa gitaa kavu, lisilo la umeme, wa kina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, kila uzi unasimama peke yake. Kwa maoni yangu huko ndiko kwao, kuliko hata kwenye bluzi, ingawa huwa natyuni kibluzi, D G D G B D, na kuteleza juu ya nyuzi kwa soketi ya spana niliyopewa na fundi wa gereji.

Lina kero zake. Julai ya Arusha kulipakata asubuhi kunahitaji sweta, na likipata joto la mwili tyuni inahama. Pia linavuma. Skrubu moja ya kifuniko ikilegea, uzi wa tatu unatoa mlio wa nyuki, na kuisaka hiyo skrubu ni kazi ya jioni nzima. Rafiki yangu Mgogo haelewi kwa nini nahangaika: kwao ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hubandikwa utando wa buibui makusudi ili ivume, na isiyovuma wanaiona haina ladha. Siku hizi nikisikia mvumo mdogo nauacha.

Mwalimu wa kwaya hana uvumilivu huo. Alijaribu kunikalisha karibu na kinanda, soprano wakalalamika hawajisikii. Sasa nimepangiwa nyuma ya besi, jirani na mlango, na nimeombwa nipige kwa adabu. Umeme ukikatika, kinanda na spika zikazima katikati ya wimbo wa sadaka, yeye mwenyewe hugeuka na kunipungia mkono nije mbele.