Mkono Uliolegea Baada ya Usiku Kitini

Profesa wetu wa magonjwa ya mfumo wa fahamu hakuruhusu picha ya CT ifunguliwe kabla mwanafunzi hajasema ugonjwa uko wapi. Jina la ugonjwa lingekuja baadaye. Alitaka kwanza mahali: ubongo, uti wa mgongo, mzizi wa neva, pleksasi (mtandao wa neva za mkono au mguu), neva yenyewe, maungio ya neva na msuli, au msuli. Orodha hiyo sote tuliijua kwa moyo. Mimi niliielewa asubuhi tulipompokea seremala.

Alikuwa mtu wa makamo, ameletwa na barua ya rufaa iliyosema kiharusi, mkono wa kulia. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kigasha kimelala pajani na kiganja kimening'inia kutoka kifundoni. Nilipewa kazi ya kuchukua historia yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari." Kisha, kabla sijauliza lolote, akasema, "Marehemu baba yangu alianza hivihivi. Mkono kwanza."

Aliamka alfajiri ya siku iliyotangulia, mkono hauinuki. Uso wake ulikuwa sawa, maneno yalitoka vizuri, mguu ulikuwa na nguvu, shingo haikumuuma. Aliyempokea usiku alikuwa amemuuliza kuhusu pombe, naye hanywi, basi maswali yakaishia hapo. Wanafunzi tunafundishwa habari za mlevi aliyesinzia mkono ukiwa juu ya mgongo wa kiti, akaamka umelegea, na mpaka leo naamini mfano huo umewanyima wagonjwa wengi swali lililo rahisi kabisa. Nikamuuliza, "Ulilala wapi, baba?"

"Sikulala. Nilikaa."

Mwanawe alikuwa amelazwa wodi ya watoto. Alimkesha kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia ameupitisha juu ya egemeo ili kiganja kimfikie mtoto kichwani. Usiku ule usingizi ulimshinda, na mtoto naye alilala fofofo, hivyo hakuna aliyemwamsha.

Profesa alifika na kundi letu likasogea kitandani. Alisikiliza historia bila kunikatiza, akaweka bahasha ya picha chini ya mto, akasema, "Haya, daktari. Wapi?"

Nilianza begani. Aliinua mkono pembeni na kuushikilia nilipousukuma, kwa hiyo msuli wa deltoidi ulikuwa salama. Nikamwambia anyooshe kiwiko dhidi ya mkono wangu. Traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ilikuwa na nguvu zote, daraja la 5 kati ya 5, na nilipoigonga kwa nyundo refleksi ilijibu sawa na ya kushoto. Kifundo cha mkono kikakataa kabisa kuinuka. Vidole navyo havikunyooka kwenye vifundo vyake vya chini, wala kidole gumba hakikuweza kutanuka.

Mwenzangu alimwomba apanue vidole hewani. Vikashindwa. "Basi na neva ya alna imeguswa," akasema, kwa kuwa ndiyo inayoendesha misuli ya kupanua vidole. Profesa hakumjibu. Alivuta meza ya kitandani, akaulaza mkono wa mgonjwa bapa juu yake, akarudia ombi lilelile. Vidole vikapanuka kwa nguvu. Kisha akamwambia afumbe ngumi: ilikuwa dhaifu, na kadiri alivyobana ndivyo kifundo kilivyozidi kuinama. Profesa akakiinua kifundo kwa mkono wake na kukishikilia hapo. "Sasa nibane, baba." Akabanwa mpaka akatabasamu.

Misuli inayopanua vidole, sawa na ile inayokunja ngumi, haitegemei neva ya radiali, ile inayoinua kifundo na kunyoosha vidole. Ilionekana dhaifu kwa sababu kifundo kilichoanguka hakikuipa mahali pa kujishikizia. Nilikuwa nimesoma jambo hili, na bado kuliona likitendeka mbele yangu kulinisisimua kuliko ukurasa wowote.

Mwenzetu mwingine akasema basi jibu ni neva ya radiali, tumemaliza. Profesa akatikisa kichwa. Upo kiharusi kidogo, alisema, kinachopiga sehemu ya gamba la ubongo inayotawala kiganja, nacho huweza kuuangusha mkono namna hii hii, uso na mguu vikabaki vizima. Mtamtofautishaje?

Ngumi ilikuwa imeshajibu nusu ya swali. Tatizo likiwa ubongoni, mgonjwa anapofumba ngumi kifundo kwa kawaida huinuka chenyewe, hata kama hawezi kukiinua kwa kukusudia. Cha huyu kilianguka zaidi. Nusu ya pili ilikuwa kwenye brakioradialisi, msuli wa kigasha unaosaidia kukunja kiwiko. Nilimkunja kiwiko nyuzi 90, kidole gumba kikitazama juu, nikamwambia anivute kuelekea kwake. Kwa mkono wa kushoto msuli ulijitokeza wazi kwenye kigasha. Kwa kulia pakabaki tambarare. Msuli huo haukunji wala haunyooshi kiganja, lakini unahudumiwa na neva ileile. Kiharusi cha kiganja kingeuacha mzima.

Nikamalizia na pini. Ganzi ilikuwa nyuma ya kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Sema sasa," akaniambia.

Nikasema. Si mzizi wa C7, yaani neva ya saba ya shingo, kwa sababu traisepsi na refleksi yake ni nzima. Si kwapani, kwa sababu hiyohiyo, na deltoidi nayo imesalimika. Si chini ya kiwiko, kwenye tawi la nyuma la kigasha, kwa sababu tawi hilo halichukui hisia za ngozi na brakioradialisi huwa imeshapata neva yake juu zaidi. Pamebaki pale neva ya radiali inapozunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ikiwa imeulalia, baada ya kuwa imekwisha kutoa matawi ya traisepsi. Nikaweka kidole juu ya mkono wake, katikati ya bega na kiwiko, upande wa nyuma. Mgonjwa akakitazama kidole changu, akasema, "Hapohapo ndipo ukingo wa kiti ulipokuwa."

Hapo ndipo bahasha ilipotoka chini ya mto. Picha ilikuwa safi. Lakini Profesa alitukumbusha jambo ninaloliona zito kuliko yote ya siku ile: kiharusi cha mshipa kuziba huweza kutoonekana kwenye CT katika saa za mwanzo. Picha safi peke yake isingemtoa mtu huyu kwenye kiharusi. Kilichomtoa ni nyundo, pini, meza, na ule ukingo wa kiti.

Aspirini aliyoanzishwa usiku ikasimamishwa. Banzi la kuinua kifundo likatengenezwa siku ileile, akafundishwa kuvinyoosha vidole kwa mkono wa pili ili viungo visikakamae.

Alituuliza kama mkono utarudi. Profesa alikaa kitandani pake kumjibu, wakati madaktari wengi hujibu swali hilo wakiwa mlangoni. Daktari mpasuaji Herbert Seddon, mwaka 1943, aligawa majeraha ya neva katika aina tatu. Katika nyuropraksia, aksoni, yaani uzi wa neva unaopitisha umeme, ni nzima ila ganda lake la mayelini limeharibika mahali pamoja. Katika aksonotmesisi, aksoni zimekatika lakini ala zinazozizunguka zimebaki. Katika nyurotmesisi, neva yote imekatika. Kwa mgonjwa alisema kwa ufupi: waya wako haukukatika, mpira wake ndio umechubuka, na mpira hujitengeneza.

Sisi alitupa onyo. Kipimo cha umeme wa neva kisifanywe haraka. Tangu Augustus Waller alipoeleza mwaka 1850 jinsi sehemu ya neva iliyotengwa na mzizi wake inavyooza, tunajua kuwa uozo huo huchukua siku kadhaa kukamilika; ukipima mapema, neva iliyokatika bado itapitisha umeme chini ya jeraha na utadanganyika. Dalili za msuli uliopoteza neva huonekana kwenye kipimo cha sindano msulini baada ya wiki 2 hadi 3. Tukasubiri.

Kipimo kilipofanyika, umeme uliotiwa chini ya mahali pa jeraha uliuamsha msuli vizuri, na uliotiwa juu yake ukafika kidogo tu. Sindano haikuonyesha msuli ulioachwa na neva. Ni nyuropraksia. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia kutoka kwenye mistari ya mashine. Kama aksoni zingekuwa zimekufa, zingelazimika kuota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku. Sentimita 10 tu ni zaidi ya miezi 3, na kwa mtu anayekula kwa randa na msumeno huo si muda mdogo.

Aliporudi kliniki nilikwenda kumwona. Brakioradialisi ilikuwa imejaa tena kigashani. Kifundo kiliinuka dhidi ya uzito wa mkono wenyewe, daraja la 3, na vidole vilikuwa vinafuata; kidole gumba kilikuwa nyuma ya wenzake. Mtoto alikuwa ameshatoka hospitali. Akaniuliza kama anaweza kushika randa. Nikamwambia bado, banzi libaki mpaka kifundo kiweze kumpinga mtu.

Kabla hajaondoka akaniomba nimwandikie shida yake kwenye karatasi, kwa sababu nyumbani kila mtu alikuwa akimhesabu mgonjwa wa kiharusi na kumkataza hata kutembea peke yake. Nikaandika kwa herufi kubwa: NEVA YA RADIALI, MKONO WA KULIA, ILIBANWA NYUMA YA MFUPA WA MKONO WA JUU. INAPONA. Akaisoma, akaikunja kwa mkono wa kushoto, akaitia mfukoni.