Mashine zilizogoma kuwaka

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuusimulia. Watumiaji wakishaondoka Ijumaa jioni, tuzime mashine pepe zote (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja) kwenye seva kuukuu, tunakili diski zake na maelezo yake hadi seva mpya, tuziwashe huko, kisha kila mtu akalale kwake. Zote zilikuwa zikiendeshwa na KVM, sehemu ya Linux inayobeba mashine pepe, chini ya usimamizi wa programu iitwayo libvirt, na seva zote mbili zilikuwa na Linux ya Debian, basi hakuna aliyetarajia ubishi. Tofauti pekee iliyotajwa kikaoni ni kwamba ya zamani ilikuwa na prosesa za Intel na mpya ina za AMD. Ilitajwa kama mtu anavyotaja rangi ya gari.

Kunakili ndiko kulikokula muda. Kulipoisha, usiku ulikuwa umeshakolea, nikaandika amri ya kuwasha mashine ya DNS, inayotafsiri majina ya mtandao kuwa anwani, kwa sababu bila hiyo nyingine zote hutangatanga zikitafutana. Ikakataa. Nikajaribu ya barua pepe, ikakataa. Mwenzangu, kijana aliyekuwa amejiunga nasi karibuni, akapitisha amri moja kwa mashine zote kwa mpigo, na zote zikakataa.

Ujumbe ulikuwa ule ule kila mahali: seva hii haina KVM. Faili ya /dev/kvm, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia huko, kweli haikuwepo.

"Kaka, labda prosesa yenyewe haina uwezo huo," alisema, kisha akajikosoa kabla sijamjibu. Alikuwa ameshafungua faili ya /proc/cpuinfo na kuliona neno svm, jina la uwezo huo kwa AMD, kwenye orodha ya uwezo wa prosesa, limejirudia kwa kila kiini. "Hapana, upo. Basi si BIOS," yaani programu ya kwanza kuamka seva inapowashwa. "Tusakinishe upya."

Hapo ndipo tulipobishana, na nadhani ni ubishi wenye maana kuliko mambo mengine yote ya usiku ule. Yeye aliona neno lipo, akahitimisha kwamba njia iko wazi. Lakini kwenye Linux tuliyokuwa nayo, orodha ile ilieleza prosesa inaweza nini, haikueleza imeruhusiwa nini. Kwenye AMD ruhusa inakaa pengine kabisa, kwenye rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) iitwayo VM_CR, ambako kuna biti moja, SVMDIS, ya kuuzima uwezo huo. BIOS ikiiwasha biti hiyo seva inapoamka, na ikaifunga, Linux ikija baadaye haina la kufanya. Inabaki kutazama uwezo ulioandikwa wazi na hauruhusiwi kuutumia. Intel nao wana mpango unaofanana, kwenye rejista nyingine.

Sikumwambia yote hayo wakati ule. Nilimwambia tu: soma dmesg kabla ya kusakinisha chochote. Akaisoma orodha hiyo ya ujumbe wa mfumo, na kerneli, moyo wa Linux, ilikuwa imeshasema yenyewe, kwa sentensi fupi isiyo na adabu, kwamba KVM imezimwa na BIOS. Ilikuwa hapo tangu seva ilipoamka. Hakuna aliyekuwa ameiuliza.

Kwa nini mtu auze seva ya bei kubwa, ambayo kazi yake kuu ni kubeba mashine pepe, akiwa amekizima kitu hicho hicho? Muuzaji hakutueleza. Ila mazoea haya ni ya zamani. Intel walitoa VT-x, uwezo wao wa kubeba mashine pepe, mwaka 2005, AMD wakafuata na yao mwaka 2006, na mwaka huo huo Joanna Rutkowska alipanda jukwaani Black Hat kule Las Vegas akaonyesha Blue Pill, programu iliyoutumia uwezo huo wa AMD kuingia chini ya Windows Vista na kuufanya mfumo mzima uwe mashine pepe bila wenyewe kujua. Mtu aliyeyaona hayo huenda akaona heri uwezo huu uzimwe hadi mwenye mashine auombe. Kwa kompyuta ya mezani naielewa hoja hiyo. Kwa seva siielewi.

Tukaiwasha upya na kuingia BIOS. Swichi yenyewe, SVM Mode, ilikuwa imejificha ndani ya menyu ya prosesa, chini ya kurasa za mambo ya umeme na joto ambazo sina hakika kuna mtu huzigusa. Tukaiwezesha, tukahifadhi, na nikaomba nyaya za umeme zichomolewe kabisa badala ya kuiwasha upya tu. Kuna bodi ambazo mabadiliko ya namna hii hayazikolei hadi umeme ukatike. Kijana alinitazama kama anayetazama mganga. Kisha tukangoja, maana seva yenye RAM nyingi huchukua dakika kadhaa kujipima kabla ya kuonyesha chochote, na skrini nyeusi katika dakika hizo hufanya mtu afikirie mengi.

/dev/kvm ikawepo. DNS ikawaka, barua pepe ikawaka, na kijana akaanza kukusanya vikombe.

"Kaa kwanza," nikamwambia, kwa sababu karibu nusu ya zilizobaki zilikuwa zimekataa tena.

Safari hii kilio kilikuwa kingine: prosesa ya seva hii haina uwezo ambao mashine inaudai, na orodha ikafuata, ndani yake hle na rtm. Mtu aliyezitengeneza mashine hizo miaka ya nyuma alikuwa ameandika kwa mkono, ndani ya maelezo ya kila moja, kwamba prosesa yake iitwe Broadwell, jina la kizazi kimoja cha prosesa za Intel. Kwenye seva ya Intel hilo lilikuwa sawa. Lakini hle na rtm ni vipande vya TSX, nyongeza ya kuharakisha programu zenye nyuzi nyingi, ambayo ni ya Intel peke yao. AMD hawakuwahi kuiweka. Hata Intel wenyewe, mwaka 2014, walilazimika kuizima kwenye prosesa za Haswell baada ya kugundua kasoro ndani yake. Kwa hiyo mashine zetu zilikuwa zinakataa kuwaka kwa kudai kitu ambacho sidhani kama programu yoyote ndani yake ilikitumia.

Simlaumu aliyeandika. Kuna sababu nzuri ya kutaja prosesa kwa jina: ukiwa na seva kadhaa za familia moja, mashine inaweza kuhamishwa ikiwa inafanya kazi bila kushtuka. Hakujua kwamba siku moja itahamia familia nyingine. Tulibadilisha ikawa host-model, ambayo humwachia libvirt achague kinacholingana na seva iliyopo, na zile zilizokuwa zimeandikwa hivyo tangu mwanzo ndizo zilizokuwa zimewaka bila maneno.

Kijana alikuwa amechukia. "Si tumesharekebisha? Mbona kila tukitoa moja inakuja nyingine?"

Nilimwelewa. Ukiona mashine nyingi zimegoma saa ile ile, kwenye seva ile ile, akili hukuambia ugonjwa ni mmoja. Lakini libvirt hukagua mambo kwa zamu na hukataa kwenye kikwazo cha kwanza. Haikupi orodha ya yote yanayokungoja. KVM ilipokuwa imezimwa, mashine zote zilikuwa na jibu moja kwa sababu hakuna iliyofika mbali kiasi cha kuonyesha tatizo lake yenyewe. Tulipofungua pale, kila moja ikapata nafasi ya kusema lake.

Na zilisema. Moja ilikuwa inatafuta CD: picha ya ISO iliyotumika kusakinisha mfumo wake, ambayo hakuna aliyeitoa na ambayo sisi hatukuinakili kwa kuwa tulinakili diski tu. Tukaitoa kwenye maelezo, ikawaka. Nyingine mbili zilikuwa zinataka daraja la pili la mtandao, lile la chelezo, na kwenye seva mpya lilikuwa bado halijaundwa. Tukaliunda. Hayo ni ya dakika chache, na ujumbe wake ni mwaminifu: unasema kitu gani hakipo, unakwenda unakiweka.

Iliyonisumbua ni ya hifadhidata, kwa sababu hiyo haikugoma. virsh, amri ya libvirt, iliionyesha inaendesha, prosesa inatumika, RAM imechukuliwa, kila kitu kijani. Ila haikujibu ping, yaani bisho la mtandao, na ssh, njia ya kuingia kwa mbali, ikabaki inaning'inia. Kijana akaenda moja kwa moja kwenye mtandao, akaanza kukagua daraja, akikagua na sheria za ngome-moto. Mimi nikafungua skrini ya mashine yenyewe. Humo hapakuwa na Linux. Kulikuwa na neno Shell na alama ya kungoja amri.

Ilikuwa mashine pekee kati ya zote iliyosakinishwa kwa UEFI, mrithi wa BIOS. Mashine ya namna hiyo haihifadhi njia ya kuwakia ndani ya diski tu. Kumbukumbu ya kwamba "anzia hapa" hukaa kwenye faili ndogo ya pembeni, NVRAM, na libvirt huiweka kwenye folda yake mbali na diski. Sisi tulikuwa na diski na maelezo. libvirt ilipoikosa faili hiyo haikulalamika. Ilitengeneza mpya kutoka kwenye kiolezo, tupu. Mashine ikaamka bila kujua ianzie wapi, ikaitafuta njia ya akiba ambayo kwenye diski ile haikuwepo, kisha ikaketi kwenye Shell kusubiri mtu. Kwa maoni yangu ukimya huo ni mbaya kuliko kugoma.

Tiba ilikuwa rahisi kwa kuwa seva kuukuu ilikuwa bado iko hai. Tukaizima mashine, tukachukua faili ile inayoishia na _VARS.fd kutoka kule, tukaiweka mahali pake kwa umiliki unaotakiwa, tukawasha. GRUB, programu inayoanzisha Linux, ikatokea, na hifadhidata ikaanza kupitia kumbukumbu zake za miamala. Kijana alisimama nyuma yangu hadi mstari wa mwisho ulipopita, kisha akaomba nimwonyeshe tena ile folda ya NVRAM ilipo, akaiandika.

Mkuu wetu alituma ujumbe alfajiri akiuliza kama imeisha. Nikamjibu: "Zote zimewaka, mzee, isipokuwa moja ya majaribio. Hatujui ni ya nani, tumeiacha imezimwa, mwenyewe atajitokeza." Hakujitokeza mtu. Baada ya miezi tukaifuta diski yake ili kupata nafasi.